Hukopi, Lakini CRB Wanakujua? Kujenga Rekodi ya Mkopo Bila Kuingia Ribani



Mwaka 2019 niliingia benki moja hapa Mombasa kuomba tuktuk kwa njia ya murabaha. Nilikuwa nimejipanga. Kitambulisho, PIN ya KRA, taarifa za akaunti za miezi sita, na barua ya mwajiri, vyote viko ndani ya bahasha. Binti aliyenihudumia, mtoto wa kwetu kwa lafudhi yake, akaandika nambari ya kitambulisho changu kwenye kompyuta, akasubiri, kisha akaniambia, "Ami, rekodi yako haina kitu."

Nikasema alhamdulillahi. Nikadhani nimesifiwa.

Akatabasamu kwa adabu. "Haina kibaya, na haina kizuri pia. Mashine haikujui."

Nilimweleza kwamba sijakopa maisha yangu, kwamba marehemu baba alitulea tukiogopa deni kama moto. Akanisikiliza, kisha akaniambia kuwa kwa mtu asiye na historia watahitaji malipo ya mwanzo makubwa zaidi na mdhamini. Tuktuk ile sikuipata mwaka huo. Nilirudi nyumbani nikiwa na swali ambalo wengi wetu wa Pwani hatujawahi kujiuliza: ikiwa sisi hatukopi ili kuikwepa riba, ni nani anayetuandikia ushahidi kwamba tu waaminifu?

Makala haya ni majibu niliyoyakusanya tangu siku hiyo. Wengi huniuliza kama wachukue kadi ya mkopo ili waanze kujenga jina benki. Nitaifikia kadi, lakini kwanza tujue jina hilo linaandikwa wapi.

DAFTARI LISILO LA DUKANI

Zamani daftari la deni lilikuwa la muuza duka wa mtaani. Alijua nani hulipa mwisho wa mwezi na nani hubadilisha njia akiona duka liko wazi. Leo daftari hilo liko CRB, yaani mashirika ya kuhifadhi taarifa za wakopaji yaliyopewa leseni na Benki Kuu ya Kenya. Kwa miaka mingi yamekuwa matatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo.

Watu wengi hudhani CRB ni orodha ya wadaiwa sugu peke yake, ndiyo maana utasikia mtu akisema "nimewekwa CRB" kana kwamba amewekwa ndani. Hapo mwanzo dhana hiyo ilikuwa karibu na ukweli, kwa sababu kanuni za kwanza za 2008 zilishughulika na mikopo iliyoharibika. Kanuni zilizokuja 2013 zilifungua mlango wa pili: benki zikaanza kupeleka habari za wanaolipa vizuri pia. Tangu hapo kila mwenye mkopo wa benki yuko CRB, awe mzuri au mbaya. Asiyekuwemo ni yule asiyekopa popote.

Wanaoandika humo ni benki, benki ndogo za mikopo, na vyama vya akiba na mikopo vilivyoruhusiwa. Bodi ya HELB nayo hupeleka majina ya waliosoma kwa mkopo wake wakaacha kulipa. Na wewe unayesema hujawahi kukopa, jiulize kama umewahi kugusa M-Shwari, KCB M-Pesa au Fuliza. Hizo huja kupitia simu, lakini fedha ni za benki, na benki ina kalamu ya kuandika. Kuna watu wetu wanaoapa kwamba hawali riba, na huku Fuliza inawalipia nauli ya matatu kila wiki.

Kinachoandikwa ni jina lako, nambari ya kitambulisho, mkopo ulichukua lini, kiasi gani, umebaki na ngapi, na umechelewa siku ngapi. Ukipitisha siku 90 bila kulipa, mkopo wako huhesabiwa kuwa umeharibika. Hata ukija kuulipa wote, habari hiyo hubaki kwa miaka 5 tangu siku uliyomaliza, ingawa itaonyesha kuwa umelipa. Kutokana na habari hizo hutolewa alama. Za Metropol, kwa mfano, huanzia 200 hadi 900, na aliye chini ya 400 huhesabiwa kuwa ameshindwa kulipa.

Alama hizi zimezidi uzito tangu Novemba 2019, sheria ya kuziwekea benki kikomo cha riba ilipoondolewa. Benki nyingi sasa humpangia kila mteja bei kulingana na hatari wanayoiona kwake. Wawili wanaweza kukopa siku moja, benki moja, kiasi kimoja, na mmoja akalipa zaidi ya mwenzake kwa sababu ya yaliyoandikwa kwenye daftari.

SHILINGI 640 ZA MPWA WANGU

Nitatoa mfano wa nyumbani. Mpwa wangu alimaliza chuo 2018 akaitwa kwenye kazi. Walimtaka cheti cha CRB cha kuonyesha hana deni. Akaenda kukitafuta kwa furaha, akarudi ameinama. Alikuwa ameandikwa kwa deni la shilingi 640 alilochukua kwa simu akiwa mwanafunzi, na kampuni iliyomkopesha sitaitaja. Laini ile ya simu aliipoteza, akanunua nyingine, akaona mambo yamekwisha. Hakujua kwamba deni halifuati laini, linafuata kitambulisho.

Alilipa siku hiyo hiyo, lakini mpaka cheti kitoke, nafasi ilikuwa imekwenda kwa mwingine. Mama yake, ambaye ni dada yangu, hadi leo hulitaja deni hilo kwa jina kama mtu anavyomtaja jirani mbaya.

Mambo yamebadilika kidogo tangu hapo. Mwezi wa Aprili 2020 Benki Kuu iliwaondoa wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa kwenye mfumo wa CRB, na kanuni za mwaka huo zikakataza mtu kuandikwa vibaya kwa deni lililo chini ya shilingi 1,000. Mwaka 2022 zikaja kanuni za kuwapa leseni wakopeshaji wa mitandaoni. Lakini deni la 1,200 bado linaweza kukuharibia. Na ukumbuke haki hizi, maana watu wengi hawazijui:

Kwanza, mkopeshaji anatakiwa akupe ilani ya siku 30 kabla ya kupeleka jina lako kwa ubaya. Ujumbe ule wa simu unaoufuta bila kusoma huenda ndio ilani yenyewe.

Pili, una haki ya kupata ripoti yako mara moja kwa mwaka bila malipo. Metropol hupatikana kwa kubonyeza *433#, na mashirika mengine nayo hupatikana mtandaoni.

Tatu, ukiona kosa, una haki ya kulipinga na shirika linatakiwa kulichunguza. Andika malalamiko, ambatisha risiti, weka nakala. Maneno ya mdomo hapa hayana mdhamini.

SASA KADI YA MKOPO

Kadi tuliyonayo wengi wetu mfukoni ni ya debiti: inakata fedha zako mwenyewe zilizo kwenye akaunti. Kadi ya mkopo ni jambo jingine. Benki inakuwekea kikomo, tuseme shilingi 50,000. Unanunua kwa fedha za benki, mwisho wa mwezi unaletewa hesabu, na unapewa tarehe ya kulipa. Ukilipa yote kabla ya tarehe hiyo hutozwi riba. Kwa kadi nyingi hapa Kenya muda huo wa bure huweza kufika kama siku 50, kutegemea ulinunua lini ndani ya mwezi.

Mtego uko kwenye neno moja: kiwango cha chini cha malipo. Tuseme umetumia 20,000. Hesabu inakuja na inakwambia ukitaka unaweza kulipa 2,000 tu. Unashusha pumzi. Lakini zile 18,000 zilizobaki zimeanza kuzaa. Kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, mwezi unaofuata zimejiongezea 540, na kadi nyingi huihesabu riba hiyo tangu siku uliyonunua. Ukitoa fedha taslimu kwenye mashine kwa kadi hiyo, mara nyingi hakuna muda wa bure kabisa. Unatozwa ada na riba papo hapo. Ongeza ada ya kila mwaka na faini ya kuchelewa, utaona kwa nini benki hupenda sana kukupigia simu kukuambia umechaguliwa.

Je, inajenga rekodi? Ndiyo. Kadi ni mkopo kama mkopo mwingine, na ukilipa kwa wakati mwezi baada ya mwezi inaandikwa. Kwa mtu asiye na historia, benki nyingi zitakataa kumpa kadi ya kawaida, lakini zipo zinazotoa kadi kwa dhamana ya fedha zako: unaweka akiba, inafungwa, unapewa kikomo kisichozidi akiba hiyo. Hii ndiyo njia ya kawaida ya mgeni kuanza.

Lakini kwetu sisi Waislamu kuna swali jingine kabla ya hesabu. Mkataba wa kadi ya kawaida una kifungu kinachosema ukichelewa utalipa riba, na wewe unakitia sahihi. Wapo wanaosema, mimi nitalipa kwa wakati, riba hainigusi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililikalia jambo hili mjini Riyadh mwaka 2000. Likaamua kuwa haijuzu kutoa wala kutumia kadi isiyo na akiba nyuma yake ikiwa mkataba una sharti la nyongeza ya riba, hata kama mwenye kadi amenuia kulipa ndani ya muda wa bure. Kadi inayotegemea fedha zako mwenyewe haina tatizo hilo. Wapo wanazuoni walioona wepesi kwa mwenye haja ya kweli. Mimi si mufti. Muulize sheikh unayemwamini, na umpelekee mkataba wenyewe ausome.

Ukiamua kuuliza benki, uliza maswali matatu. Je, kuna riba au faini inayoongezeka kwa muda nikichelewa? Ile faini, ikiwepo, ni pato la benki au inakwenda kwenye sadaka? Na je, mnaripoti malipo yangu mazuri CRB kila mwezi? Asiyeweza kujibu la tatu, kadi yake haitakusaidia kwa lile ulilolifuata.

NJIA NILIYOIFUATA MIMI

Mimi sikuchukua kadi. Nilirudi kwa binti yule nikamuuliza, "Mwanangu, nianze wapi ili mashine inijue?" Akaniambia, "Anza na kitu kidogo, Ami, na ulipe kama saa."

Mke wangu ana duka la vyakula vya baridi. Tukachukua friji kwa murabaha. Kwa wasioijua, murabaha ni biashara, si mkopo wa fedha. Tuseme friji ni shilingi 60,000. Benki inainunua, inaimiliki, kisha inakuuzia kwa 69,000, nawe unalipa 5,750 kwa miezi 12. Bei imejulikana siku ya kwanza na haiongezeki. Wapo wanaoiona ghali kama riba tu, na kwa hesabu ya mfukoni huenda wakawa na hoja, lakini benki ilimiliki friji na ikauza bidhaa, haikuuza fedha. Muhimu kwa makala haya ni kwamba benki ya Kiislamu nayo ina leseni ya Benki Kuu kama nyingine, na malipo yako huandikwa CRB vile vile.

Na sisi Pwani hatuna udhuru wa kusema hakuna pa kwenda. Gulf African Bank na First Community Bank, ambayo sasa ni Premier Bank, zilifungua milango 2008. Dubai Islamic Bank ilikuja 2017. Benki kadhaa za kawaida nazo zina madirisha ya Kiislamu. Kwa kiasi kidogo cha simu, Gulf African Bank na Safaricom walizindua Halal Pesa 2022. Soma masharti ya kila moja. Neno halali kwenye bango halisomi mkataba kwa niaba yako.

Friji ile tuliilipa yote, hakuna mwezi tuliochelewa. Tulipoomba tuktuk tena 2021, binti yule alikuwa amehamishwa tawi, lakini mashine ilikuwa imeshanijua. Malipo ya mwanzo yalipungua na mdhamini hakutakiwa.

Kwa anayetaka kuanza, haya ndiyo niliyojifunza:

Soma ripoti yako kabla hujaomba chochote. Usiende benki kuambiwa habari zako na mtu mwingine.

Pitisha fedha zako benki. Mwenye kibanda cha viazi karai anayeuza vizuri kila siku na kuweka fedha ndani ya kopo hana ushahidi. Weka hata kidogo, lakini kila wiki.

Anza na kitu unachokihitaji na unachoweza kukilipa hata biashara ikilala. Usikope ili upate alama tu. Huko ni kununua mwavuli kwa sababu una kiu.

Panga malipo yajikate yenyewe siku mbili tatu baada ya mshahara au mauzo kuingia. Kuchelewa kwa usahaulifu na kuchelewa kwa ukorofi, kwenye mashine ni kitu kimoja.

Usiombe benki tano kwa wiki moja. Kila anayechungulia ripoti yako huacha alama ya mguu, na nyayo nyingi za siku chache huonyesha mtu aliyebanwa.

Mdhamini ni mdaiwa anayesubiri. Ukitia sahihi kumdhamini shemeji kwenye chama cha akiba na mikopo na akatoweka, mzigo unahamia kwako, pengine na jina lako nalo. Kumkatalia ndugu kwa upole leo ni bora kuliko kununiana msibani kesho.

Ukimaliza deni, chukua barua ya kumaliza, kisha angalia CRB baada ya mwezi uone kama wameandika. Wasipoandika, wakumbushe kwa maandishi.

Na kwa kina mama, mchezo mnaochangiana kila wiki ni jambo jema, lakini hauonekani CRB. Kikundi kikisajiliwa na kufungua akaunti, angalau kuna karatasi ya kuonyesha.

KWA JAMAA ZETU WALIO NJE

Wapo wanaoniandikia kutoka ng'ambo. Jambo moja tu: rekodi yako ya Kenya kwa kawaida haipandi ndege. Ukifika Marekani mara nyingi unaanza sifuri, na alama za FICO za kule huanzia 300 hadi 850. Wengi huanza na kadi ya dhamana ya fedha zao, ile ile niliyoieleza juu. Walio Imarati wanaandikwa na Al Etihad Credit Bureau, na anayeondoka huko ameacha deni la kadi asidhani bahari imelifuta.

MWISHO

Aya iliyo ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, haizungumzii swala wala saumu. Inazungumzia kuandikiana deni: kiasi, muda, mwandishi mwadilifu na mashahidi. Dini yetu haikuwahi kuona aibu kwa deni kuandikwa. Iliona hatari kwa deni kutoandikwa, na kwa deni kuzaa.

Sisi tumeshika nusu moja, ya kuogopa riba, na tunafanya vyema. Nusu ya pili, ya kuwa na maandishi safi, tumewaachia wengine. Ndiyo maana kijana mwaminifu wa Majengo au Likoni huonekana mgeni kwenye benki iliyo hatua mia kutoka kwao, na mwenye maneno mengi na karatasi zilizopangika hupewa tuktuk.

Leo usiku, kabla hujalala, omba ripoti yako. Huenda ukakuta haina kitu, kama mimi. Huenda ukakuta shilingi 1,200 za mwaka ulioshausahau. Vyovyote itakavyokuwa, ni bora uyajue wewe kabla hajayajua binti wa benki.

Wabillahi tawfiq.